Katikati ya Gari Iko Wapi? Soma Kabla Hujaipandisha Kwenye Lifti ya Nyumbani

Zinazunguka kwenye simu zetu zile video za gari inayopanda vizuri kwenye lifti ya kuinulia magari, ikafika usawa wa kichwa cha fundi, halafu pole pole pua ikainuka, nyuma ikazama, na gari nzima ikaja chini. Kila ikipita moja, barazani panachemka. Mmoja atasema mafuta ya lifti yalivuja. Mwengine atasema lifti yenyewe dhaifu. Wa tatu ataapa kwamba kitu kama hicho hakiingii nyumbani kwake. Ni mara chache nimesikia mtu akiuliza suali ambalo kwangu ndilo la mwanzo: gari ile iliwekwa wapi?

Nauliza kwa sababu lifti zimeanza kuingia majumbani. Mtu ana kibanda cha bati uani au gereji ya ubavuni mwa nyumba, anapata lifti iliyotumika, anaona bora hivyo kuliko kulala chali chini ya gari iliyowekwa juu ya matofali. Kwa hilo la matofali yuko sawa kabisa. Tofali la saruji na jiwe la matumbawe hupasuka kwa ghafla, bila kulia wala kuinama kwanza, na aliye chini hapati hata nafasi ya kutoa mkono. Lakini lifti nayo ina masharti yake, na sharti kubwa ni hilo la kuiweka gari katikati. Tatizo ni kwamba neno "katikati" tunalitamka kama kwamba sote tunajua iko wapi.

Tuelewane kwanza kwa maneno. Lifti ninayoikusudia ni ya nguzo mbili: vyuma viwili virefu vilivyofungwa sakafuni kwa nati, kimoja kushoto na kimoja kulia, na gari inaingia baina yao. Kila nguzo ina mikono miwili inayozunguka na kurefuka, na kila mkono una kisahani cha raba nchani. Visahani hivyo vinne ndivyo vinavyoigusa gari. Tairi zote hubaki zinaning'inia. Ndani ya nguzo muna makomeo ya chuma yanayodaka hatua kwa hatua lifti inapopanda. Ndiyo ile "ta, ta, ta" unayoisikia.

Ya nguzo nne ni habari nyengine. Pale gari inapanda juu ya njia mbili za chuma na kukaa kwa tairi zake, kwa hivyo kazi kubwa ni tairi kuwa kati ya njia, breki ya mkono kuvutwa, na vizuizi kuwekwa mbele na nyuma ya tairi. Sitaizungumza zaidi ya hapo. Zile fupi za mkasi, ambazo huinua gari kwa kuigusa tumboni, zinaingia katika maelezo haya, maana kanuni ya uzito ni moja.

Kanuni yenyewe iko jikoni. Chukua mwiko wa mti, ulaze juu ya kidole kimoja, utafute pahala utakapotulia bila kuanguka. Hautatulia nusu ya urefu wake. Utatulia karibu na kichwa, kwa sababu kichwa ndicho kizito. Pahala hapo panaitwa kitovu cha uzito: nukta ambayo ukiishika hapo, mbele na nyuma vinalingana. Waliowahi kubeba mzega wanalijua hili kwa bega. Ndoo mbili sawa, mti unakaa nusu kwa nusu. Ndoo moja ikijaa na nyengine ikiwa kiasi, bega linajisogeza lenyewe upande wa ndoo nzito. Na kwenye gari la ng'ombe, ukirundika mchanga wote nyuma ya ekseli, ule mti wa mbele unamnyanyua ng'ombe shingo.

Gari yako ni mwiko. Kichwa chake ni injini.

Tuchukue Toyota IST, maana hakuna mtaa wa Unguja usiokuwa nayo. Toleo lake la kwanza, lililoanza mwaka 2002, lina sentimita 237 kutoka kati ya tairi ya mbele hadi kati ya tairi ya nyuma. Injini na giaboksi viko mbele, na gari za namna hiyo huelemea mbele kwa kiasi cha asilimia 60 ya uzito wote. Tuseme yako ina kilo 1,050: mbele 630, nyuma 420. Hesabu yake haimshindi mtoto wa skuli. Chukua urefu wa baina ya tairi, zidisha na uzito wa nyuma, gawa kwa uzito wote. 237 mara 420, gawa kwa 1,050, unapata 94.8. Kitovu cha uzito kiko sentimita 95 nyuma ya ekseli ya mbele. Nusu ya 237 ni 118 na nusu. Kwa hivyo aliyepima kwa macho akaweka "nusu kwa nusu" amekosea kwa shubiri nzima.

Ukipata pahala penye mizani ya magari, unaweza kujua ya kwako kwa uhakika: panda na tairi za mbele tu, andika, kisha panda yote, andika, toa. Ukikosa mizani, chukua makisio haya na uyatazame kama makisio. Gari ndogo ya kukokotwa na tairi za mbele, kitovu chake huangukia mbele kidogo ya kiti cha dereva. Ya kukokotwa na tairi za nyuma, huwa chini ya kiti hicho au nyuma yake kidogo. Hiace, Noah ya zamani na Carry zina injini chini ya viti vya mbele, si kwenye pua, na hapo ndipo wengi wanapochanganyikiwa: Noah ya zamani na Noah iliyokuja baadaye zina jina moja lakini uzito wao haukai pahala pamoja.

Sasa tufike kwenye fundo lenyewe. Mtu akisema "gari iko katikati", amejibu masuali mawili kwa pumzi moja, na mara nyingi amejibu moja tu.

Suali la kwanza: kitovu cha uzito kiko ndani ya vile visahani vinne? Fikiria meza ya miguu minne. Mtoto akikaa katikati, meza haina habari. Akikaa kwenye ukingo unaotokeza nje ya miguu, miguu ya upande wa pili inainuka. Visahani vinne ndiyo miguu ya meza, na gari ni ubao uliolazwa juu bila msumari. Kitovu kikiwa ndani, vyema; kikikaribia ukingo, gari inakuwa nyepesi upande mmoja; kikivuka, hakuna chuma wala raba ya kuizuia.

Suali la pili: kitovu kiko umbali gani na mstari wa nguzo? Shika ndoo ya lita 20 karibu na mwili wako. Kisha nyoosha mkono mbele na ndoo ile ile. Maji hayajaongezeka, lakini bega linalia. Bega la lifti ni nguzo na nati zilizoishika sakafuni.

Lifti zenyewe hazifanani katika hili. Ziko ambazo mikono yote minne ni sawa kwa urefu; kwa hizo kitovu cha gari kinatakiwa kiwe kwenye mstari wa nguzo au jirani yake sana. Ziko nyengine ambazo mikono ya mbele ni mifupi na ya nyuma mirefu, na nguzo mara nyingi zimegeuzwa kidogo. Hizi zimeundwa gari irudi nyuma, kama theluthi moja ya urefu wake iwe mbele ya nguzo na theluthi mbili nyuma, ili milango ifunguke bila kugonga chuma. Aliyejifunza kwenye lifti ya aina moja akaenda kufanya kazi kwenye nyengine kwa mazoea, huyo namuogopea kuliko anayeanza, kwa sababu anayeanza huuliza.

Kwa nini nimetenganisha masuali mawili? Kwa sababu kosa la pili ndilo linalozaa la kwanza. Gari ikisimama shubiri mbili nyuma ya pale inapotakiwa, mkono wa nyuma haufiki kwenye pointi yake ya kuinulia. Mtu ameshazima injini, ameshashuka, ana haraka. Badala ya kurudi ndani akaisogeza gari, anatafuta chuma chengine kilicho karibu na pale mkono ulipoishia. Hapo ameipunguza meza.

Tuipigie hesabu ile IST yetu. Tuseme pointi za mbele ziko sentimita 50 nyuma ya ekseli ya mbele, na za nyuma ziko 190. Kitovu kiko 95. Kiko ndani, na nyuma yake pana nafasi ya sentimita 95 mpaka kwenye visahani vya nyuma. Mkono haukufika, kisahani kikawekwa 130. Bado kiko ndani, na gari itainuka bila kelele. Lakini kwenye buti muna mifuko mitatu ya saruji ambayo hakuna aliyeikumbuka, kilo 150, iko kama sentimita 265 nyuma ya ekseli ya mbele. Kitovu kimeshahamia 116. Nafasi iliyobaki ni sentimita 14. Gari bado imetulia. Halafu, ikiwa juu, fundi anashusha injini na giaboksi, tuseme nazo ni kilo 150 zilizokuwa pale pale juu ya ekseli ya mbele. Kitovu kinahamia 133, nje ya visahani. Gari iliyosimama kwa utulivu saa nzima inaanguka chali wakati ambao hakuna mtu aliyeigusa lifti. Hivi ndivyo mtu anavyoapa, na kwa kweli anaamini, kwamba "ilianguka yenyewe".

Jambo lenyewe mie nimelifahamu kwa mikono yangu kabla sijalifahamu kwa hesabu. Mdogo wangu ana lifti nyumbani kwake Fuoni, na alikuwa amepigilia mbao sakafuni ya kuzuia tairi ya mbele. Mbao ile aliipimia IST yake, na kwa IST ilikuwa sawa. Siku hiyo tukaingiza Noah ya zamani ya jirani, ikaenda mpaka ikagusa mbao ile ile. Mikono ya mbele ikakaa vizuri. Ya nyuma ikabakia vitanga viwili kufikia pointi zake, tukaridhika na kipande cha bati kilichonyooka kilichokuwa karibu. Nyuma ya viti muna mifuko miwili ya saruji na dumu la maji. Tukainua mpaka tairi zikaacha sakafu kwa urefu wa kiganja, tukasimama.

Nikashika bampa ya mbele kwa mikono miwili, nikainyanyua kidogo kama anavyofanya mtu anayepima uzito wa gunia. Sikutumia nguvu. Kisahani cha mbele kushoto kikaachana na chuma. Nikaona mwanga umepita katikati, unene wa kidole. Nilipoachia, ikarudi na mlio mdogo wa raba.

Mzee jirani, aliyefanya ufundi wa magari maisha yake yote, alikuwa amekaa mlangoni anatutizama. "Shusheni," alisema. Mdogo wangu akaanza kuilegeza mikono ya nyuma ili ajaribu kuivuta zaidi. "Ami, nataka niisogeze tu kidogo." Mzee akatikisa kichwa. "Mikono iacheni, mwanangu. Sogezeni gari."

Neno hilo ndilo nililolishika tangu siku hiyo. Pointi za kuinulia amezipanga aliyeiunda gari na hazihami. Kinachohama ni gari.

Kuiingiza gari sawa kushoto na kulia ni kazi ya mwashi, na mwashi ana timazi. Pima umbali wa baina ya nguzo, gawa nusu, weka alama sakafuni, kisha vuta kamba ipite kwenye alama hiyo ikiwa imenyooka na kutoka nje ya mlango mita tatu au nne. Piga mstari wa rangi juu yake. Kutoka nje ni muhimu, kwa sababu gari iliyoingia kombo hainyookei ndani ya chumba kidogo. Inabidi inyooke kabla haijapita mlangoni. Hata hivyo dereva wetu amekaa kulia na hauoni mstari wa katikati ulioko chini ya boneti. Kwa hivyo piga mstari wa pili kwa ajili ya tairi ya kulia: pima kutoka kati ya tairi moja ya mbele hadi kati ya nyengine, gawa nusu, na umbali huo uhesabu kutoka mstari wa katikati kwenda kulia. Mtu akichungulia dirishani anaiona tairi yake inakanyaga mstari. Gari ya upana mwengine, mstari mwengine, rangi nyengine.

Mbele na nyuma, tundika timazi kutoka kwenye dari. Amua kwa kila gari mwisho wake uwe wapi, kisha risasi ile ining'inie mbele ya kioo, na gari isimame inapokaribia kugusa. Wengine hufunga mpira mdogo kwenye uzi badala ya risasi, na kwa kioo ni salama zaidi. Ukipenda mbao ya sakafuni, iwe ya kuhamishika na iandikwe jina la gari. Mdogo wangu ameing'oa ile ya zamani.

Kukosea kushoto na kulia hakuangushi gari kwa wepesi kama kukosea mbele na nyuma, ila nguzo moja inabeba zaidi ya mwenzake na mikono ya upande mmoja inavutwa hadi ncha. Usilizoee.

Yapo maneno yanayosemwa sana ambayo yanaumiza watu. La kwanza ni hili: "Lifti yangu tani nne, gari tani mbili, hakuna wasiwasi." Lifti ya nguzo mbili iliyoandikwa tani nne kwa kawaida kila mkono wake umeundwa kubeba robo, yaani tani moja. Prado ya kilo 2,200 iliyokaa vizuri, asilimia 60 mbele, inaweka kilo 660 kwenye kila mkono wa mbele. Nafasi iko. Iweke vibaya mpaka asilimia 90 ielemee mikono miwili, na kila mmoja unabeba 990. Maandishi bado yanasema tani nne, lakini mkono umefika mwisho wake.

La pili: "Mafuta ndiyo yanayoishika." Mafuta kazi yake ni kuinua. Kuishika ni kazi ya makomeo. Ukifika urefu unaoutaka, unatakiwa uishushe kidogo mpaka uzito ukae juu ya makomeo ya nguzo zote mbili, kisha utizame kwa macho, usisikilize tu, kwamba upande huu na ule yamedaka hatua moja. Kwetu hili lina faida ya ziada. Waliokuwepo Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, ulipoharibika waya wa umeme wa chini ya bahari, hawahitaji kukumbushwa kuwa umeme hukatika. Gari iliyokaa kwenye makomeo haijui kama umeme upo au haupo. Itakaa juu mpaka urudi, na wewe utakunywa chai yako.

La tatu linanitia hofu kuliko yote: "Ikianza kuinama, wahi uizuie." Tani moja inayoanguka haizuiwi na binadamu, wala wawili, wala wanne. Kabla hujainua, jua utakimbilia upande gani, na upande huo usiwe na toroli, dumu wala kiti. Ikianza kuinama, nenda.

Na kwa kuwa gari hubadilika uzito ikiwa juu, kila kitu kizito kinachotoka kipigiwe hesabu kabla. Ukitoa injini, nyuma inakuwa nzito. Ukitoa difu, lile bonge la gia lililoko kati ya tairi za nyuma, au ekseli ya nyuma, mbele inakuwa nzito. Stendi ndefu za chuma huwekwa chini ya ule upande utakaobaki mzito, na huwekwa kabla ya kufungua bolti ya mwanzo. Nati zilizokaza, zile zinazotaka spana ndefu na mguu ukutani, zilegeze gari ikiwa chini kwa tairi zake. Mvuto mmoja wa nguvu kwenye gari iliyo juu unatosha kukitoa kisahani pahala pake.

Kuhusu chuma cha kuinulia chenyewe: gari nyingi ndogo zina ukingo wa bati chini ya milango, na juu ya ukingo huo muna mikato miwili midogo karibu na tairi ya mbele na miwili karibu na ya nyuma. Baina ya mikato hiyo ndipo pahala pa kisahani. Kitabu cha gari kikiwa cha Kijapani, usikitupe; picha zake hazihitaji mkalimani. Gari zenye chesisi, yaani fremu ya chuma chini ya bodi, kama Prado na Hilux, hubebwa kwenye chesisi. Kamwe usiinue kwa sampu ya oili, lile bakuli la chini ya injini, kwa tangi la mafuta wala kwa mikono ya tairi.

Kisha tia bisibisi. Sisi tunaishi kisiwani, chumvi iko hewani, na baadhi ya gari tunazoletewa zimetembea Japani kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi ili kuyeyusha theluji. Ukingo unaoonekana mzima kwa rangi nyeusi unaweza kuwa kutu tupu ndani. Chokonoa kila pointi kabla hujaiamini. Bisibisi ikizama, gari hiyo haipandi. Nati za sakafuni na kamba za chuma za lifti zinaliwa na chumvi hiyo hiyo, na grisi ni rahisi kuliko nguzo mpya.

Sakafu nayo. Watengenezaji wengi wa lifti za nguzo mbili wanataka zege lisilopungua kama sentimita 10, lililokaa siku 28 tangu kumwagwa. Nyumba zetu nyingi zina sakafu nyembamba juu ya kifusi cha mawe, na vigae juu yake vinaificha. Toboa tundu moja upime unene. Weka pimamaji, maana uani kwetu hutengenezwa mteremko wa kutoa maji ya mvua, na nguzo iliyosimama kwenye mteremko inaihamisha hesabu yote niliyoieleza hapo juu.

Basi siku ya kupandisha, toa kila kitu ndani ya gari: saruji, madumu, spea, mikungu ya ndizi. Toa watu, na hasa watoto, kwa sababu gereji ya nyumbani haina geti na mtoto anayerudi chuoni hupita popote. Ingiza gari kwa mistari, izime, vuta breki ya mkono. Zungusha mikono, weka visahani chini ya pointi zote nne, virefushe kwa skrubu yake mpaka viwe usawa mmoja. Inua mpaka vinagusa tu. Simama. Zunguka gari nzima ukitizama kila kisahani kwa tochi, na vuta kila mkono kwa mkono wako: yale meno ya chuma yaliyoko kwenye shina lake yanatakiwa yawe yameng'atana na mkono usisogee. Inua tena mpaka tairi ziache sakafu kwa kiganja kimoja. Simama tena. Sukuma bampa ya mbele, nenda nyuma, sukuma ya nyuma. Inyanyue kidogo kama nilivyofanya mie kwenye Noah ile. Raba ikiachana na chuma popote, au upande mmoja ukiwa mwepesi kuliko ulivyotaraji, shusha mpaka tairi zikae sakafuni, ingia ndani, washa, isogeze gari. Ikitulia, endelea juu, kisha ikalishe kwenye makomeo.

Kushuka, lifti hupandishwa kwanza kidogo ili makomeo yaachie, na macho yawe kwenye nguzo zote mbili: komeo moja likiachia na la pili likikwama, gari inainama ubavu. Tairi zikishakaa, endelea kushusha mpaka visahani viachane na bati, irudishe mikono yote minne ubavuni, ihesabu, moja, mbili, tatu, nne, ndipo uingie na kuwasha injini.